Ukilipenda Gari, Lipende na Bili Yake



Kuna swali ambalo vijana wetu huuliza nje ya lango baada ya ibada, wala hawaliulizi ndani: je, ni vibaya mtu aliyeokoka kununua gari la mbio? Sizungumzii Probox wala Vitz. Nazungumzia lile gari la chini, la viti viwili, ambalo likipita watoto wanaacha mpira. Hasa lile la mtumba, ambalo bei yake imeshuka mpaka mtu wa mshahara wa kawaida anaanza kupiga hesabu usiku badala ya kulala.

Mimi ni fundi wa magari hapa Nairobi kwa zaidi ya miaka 25, kwa hivyo swali hili hunipata nikiwa na grisi mikononi. Lakini lilinigusa zaidi miaka minne iliyopita, lilipotoka ndani ya jamaa yangu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni muuguzi Uingereza. Alinipigia simu akasema, "Mjomba, nimeona gari. Ni Porsche. Na bei yake ni chini ya Prado yoyote hapo kanisani kwenu."

Mama yake alikuwa ameshasikia, na jibu lake lilikuwa fupi: "Mwambie aache majivuno. Mtu anaenda ng'ambo kutafuta maisha, yeye anatafuta kelele?"

Nilipolileta jambo hili katika kikundi chetu cha nyumbani, tuligawanyika katikati. Wengine walisema ni baraka, kijana amefanya kazi kwa jasho lake, aachwe. Wengine walisema ni tamaa ya macho. Nikaona kwamba pande zote mbili zimeshajibu kabla ya kuuliza. Wacha tuulize basi, polepole.

TUSIHUKUMU KWA MASIKIO

Kwanza tuseme ukweli kuhusu sisi wenyewe. Jumapili ukisimama penye maegesho ya kanisa lolote kubwa mjini, utaona magari ya milioni nne, tano, na zaidi. Hatujamwita mwenye Prado kando kumuuliza kuhusu moyo wake. Tunasema tu, "Bwana amemtendea." Lakini kijana akitamani gari dogo la mtumba la bei ya chini kuliko hiyo, kwa sababu tu liko chini na linanguruma, tunamletea mistari ya Biblia.

Kama shida ni pesa, basi tuwaulize wote wawili. Kama shida ni kuonekana, hapo pia tuwaulize wote wawili, maana nimewajua watu wanaojivunia gari kubwa kimyakimya, na nimemjua mtu mmoja mnyenyekevu kabisa aliyependa injini vile wengine wanavyopenda ng'ombe. Sauti ya gari haituambii kilicho ndani ya mwenye gari.

Tena, kupenda kitu kilichotengenezwa vizuri si ugonjwa. Gari alilolitaka mpwa wangu linaitwa Boxster. Mfano wake ulionyeshwa Detroit mwaka 1993, wakati kampuni ya Porsche ilikuwa katika hali mbaya ya fedha, na magari yenyewe yakaanza kuuzwa mwaka 1996. Injini yake ina silinda sita zilizolala, tatu kila upande, na imewekwa katikati, nyuma ya viti na mbele ya magurudumu ya nyuma, ili uzito ukae pale gari linapogeukia. Ukiliendesha kwenye kona unaelewa kwamba kuna watu walikaa chini wakafikiri. Fundi hawezi kuidharau kazi ya fundi mwenzake.

Kwa hiyo nilimwambia dada yangu, "Kelele tuiache kando. Swali langu kwake ni lingine."

BEI MBILI

Swali langu lilikuwa hili: utaweza kulibeba lote?

Kila gari lina bei mbili. Kuna bei ya kununua, na kuna bei ya kumiliki. Gari likizeeka, bei ya kwanza inashuka. Bei ya pili haishuki. Mara nyingi inapanda.

Boxster ilipokuwa mpya Uingereza iliuzwa zaidi ya pauni 30,000. Leo zile za kizazi cha kwanza, zilizotengenezwa hadi mwaka 2004, zinapatikana chini ya pauni 10,000, na zilizochakaa kwa nusu ya hapo. Mtu anaona hiyo bei anasema, "Kumbe hata mimi!" Lakini klachi haijui kwamba wewe umenunua kwa bei ya chini. Breki hazijui. Tairi za nyuma ni pana kuliko za mbele, kwa hiyo huwezi kuzibadilishana nafasi ili ziishe pamoja. Injini inakunywa oili zaidi ya lita 8 kila unapobadilisha, wakati gari dogo la nyumbani linatosheka na karibu lita 4. Vipuri ni vya gari la pauni 30,000, na saa ya fundi anayelijua ni saa ya gari la pauni 30,000.

Wahenga wetu walisema, ukipenda boga, penda na ua lake. Kwa gari, ua lake ni bili.

Wengi tunaukumbuka ule mfano katika Luka 14, wa mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza ahesabu kama pesa zitatosha kumaliza, asije akaweka msingi kisha wapita njia wakamcheka. Tukiusoma tena tutaona kwamba mfano ule hauulaumu mnara. Aibu yote iko kwenye msingi ulioachwa.

KWA NINI NI RAHISI?

Hapa ndipo nataka mnisikilize, hasa ninyi vijana. Gari la aina hii likiuzwa kwa bei ya kushangaza, mara nyingi kuna mtu aliyeahirisha kitu.

Nitawapa mfano mmoja wa kweli. Ndani ya injini ya Boxster hizo za zamani kuna shafti ya katikati, inayopeleka mzunguko kwa cheni mpaka zile shafti zinazofungua valvu. Upande mmoja wa shafti hiyo unashikiliwa na beringi. Beringi hiyo ikivunjika, cheni inalegea, mpangilio wa injini unapotea, valvu zinakutana na pistoni, na injini nzima inakuwa chuma chakavu. Haivunjiki kwa kila gari. Ziko nyingi zinazotembea mpaka leo na beringi ile ile ya kwanza. Lakini jambo hili si siri: Marekani lilifikishwa mahakamani kwa niaba ya wamiliki wa magari ya miaka ya 2001 hadi 2005, likamalizwa kwa maafikiano.

Sasa, ili kuifikia beringi hiyo lazima gia boksi na klachi vitoke. Kwa hiyo mwenye busara huibadilisha siku ile ile anapobadilisha klachi, kwa sababu kazi kubwa imeshafanywa. Siku hiyo hiyo anabadilisha na ile sili ya nyuma ya injini inayopenda kuvujisha oili. Lakini mwenye gari aliyenyooshwa kifedha anasema, "Weka klachi tu. Hizo zingine tutaona." Kisha analiosha, analipiga polishi, analiuza.

Unaona kilichofanyika? Ile bili haikufutwa. Imebadilisha jina la mdaiwa. Mnunuzi anadhani amepata bahati, kumbe amerithi deni ambalo halikuandikwa kwenye karatasi yoyote.

Na gari hili linajua kuficha. Ukifungua buti la mbele, unakuta nafasi ya mizigo. Ukifungua la nyuma, unakuta mizigo tena, pamoja na mahali pa kumimina oili na maji. Injini yenyewe huioni mpaka upande juu ya lifti au uanze kufungua vifuniko. Mtu anaweza kulimiliki miaka mitano bila kuiona injini yake kwa macho.

NANI ATALIPA?

Watu hufikiri kwamba mtu akinunua kitu asichoweza kukitunza, anajiumiza mwenyewe. Mimi sijaona hivyo. Nimeona wengine ndio wanaolipa.

Kwenye gereji yetu nimewahi kuwa na magari matatu ya kifahari chini ya turubai kwa wakati mmoja, na wenyewe hawashiki simu. Spea zilishanunuliwa. Kijana aliyefungua injini alikuwa anangoja pesa yake ya kodi ya nyumba. Mwenye gari alikuwa bado anapiga picha na gari la rafiki yake. Ile raha aliyoipata kwa miezi sita, kijana wangu ndiye aliyeigharimia bila kuulizwa.

Nyumbani ni vivyo hivyo. Radieta ikipasuka mwezi wa Januari, pesa inatoka wapi? Inatoka kwa karo. Inatoka kwa mama aliyeambiwa "ngoja kidogo mwezi huu." Mke anasikia neno "vipuri" mpaka linakuwa kama jina la mwanamke mwingine.

Kwa hiyo nilimuuliza mpwa wangu mambo matatu. Moja: pesa unayomtumia mama yako na karo ya dada yako mdogo zitaguswa? Mbili: ukishanunua, utabaki na kiasi gani ambacho hutakigusa kwa kitu kingine isipokuwa gari? Tatu: injini ikifa kesho, utasema nini na utamwambia nani?

Alikuwa na akiba ya pauni 12,000. Nilimwambia, "Basi wewe huna 12,000 ya gari. Una 9,000, na 3,000 ni za gari ambazo hazijafika siku yake." Akacheka, lakini akaandika.

KUCHAGUA

Alipata magari mawili. La kwanza lilikuwa pauni 4,800, jekundu, linang'aa kama kikombe cha harusi. La pili lilikuwa pauni 8,900, la kijivu, lina mikwaruzo kwenye bampa, na kiti cha dereva kimechakaa. La pili lilikuja na faili nene: kila risiti, kila tarehe, klachi na beringi zimebadilishwa pamoja.

Moyo wake ulikuwa kwa lile jekundu. Na si rangi tu. Alisema, "Mjomba, nikinunua la 4,800 nabaki na pesa nyingi ya kurekebisha."

Hiyo hesabu inapendeza, na imewatia wengi shimoni. Nilimwambia afanye mambo manne kabla ya kutoa hata senti. Asome rekodi za ukaguzi wa kila mwaka, ambazo Uingereza mtu yeyote mwenye namba ya gari anaweza kuziangalia bure, aone maili na makosa yaliyoandikwa. Ahakikishe gari halina mkopo juu yake, kwa sababu karatasi ya usajili kule haithibitishi nani mwenye mali. Amlipe fundi asiyefahamiana na muuzaji alipandishe juu ya lifti. Na amuulize muuzaji swali moja la wazi kuhusu beringi, kisha anyamaze.

Fundi alikuta oili imelowesha pale injini inapokutana na gia boksi. Radieta za mbele zilikuwa zimejaa majani yaliyooza, na chuma kimeanza kuliwa. Zulia nyuma ya viti lilikuwa na unyevu, kwa sababu matundu ya kutoa maji ya mvua yalikuwa yameziba, na chini ya kiti kuna kisanduku cha umeme ambacho maji yakikifikia gari linakataa kuwaka. Kuhusu beringi, muuzaji alijibu, "Sijawahi kuulizwa."

Ukaguzi huo ulimgharimu zaidi ya pauni 200 kwa gari ambalo hakulinunua. Mama yake aliona ni pesa iliyotupwa. Mimi niliona ni pesa iliyofanya kazi kuliko zote.

Alilinunua la kijivu. Pesa ya mama ilitoka kwanza kila mwezi, kama kawaida. Pauni 60 ziliingia kwenye akaunti ya gari. Kilichobaki ndicho alichokula. Mwaka wa pili chombo cha maji ya injini kilipasuka, kama vinavyojulikana kupasuka kwenye magari hayo, na tairi za nyuma zikaisha. Alilipa kutoka akaunti ile. Mama yake hakujua, na hakuhitaji kujua, kwa sababu hakuna shilingi yake iliyokosa kufika.

SIKU YA KUUZA

Lakini wapendwa, kununua vizuri ni rahisi kuliko kuuza vizuri. Ukinunua, uaminifu unakulinda wewe. Ukiuza, unamlinda mtu usiyemjua, na wewe ndiye unayelipia.

Mwaka jana walipata mtoto. Gari la viti viwili halina mahali pa mtoto na mama yake kwa pamoja. Akaamua kuuza. Wiki chache kabla, alipolipeleka kwa huduma ya kawaida, fundi alimwonyesha unyevu mdogo wa oili chini ya injini. Haukuwa unadondoka. Kitambaa kimoja kingeufuta, na mnunuzi asingeona chochote.

Alinipigia. "Mjomba, nikisema, bei inashuka. Nisiposema, sijadanganya. Hakuna aliyeniuliza."

Nilimkumbusha lile jibu la muuzaji wa gari jekundu. Sikuongeza neno.

Kumbukumbu la Torati 25 inakataza mtu kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, moja zito na moja jepesi. Mimi huelewa hivi: siku ya kununua tunatoa jiwe zito, tunapima kila kitu, tunataka kuambiwa yote. Siku ya kuuza tunatoa lile jepesi. Mtu ni yule yule, mfuko ni ule ule.

Alimwambia mnunuzi, akampa na karatasi ya fundi. Mnunuzi alipunguza pauni 700, akalichukua. Pauni 700 kwa sentensi moja! Katika kikundi chetu ndugu mmoja alisema huo ni ujinga, biashara ni biashara. Mimi namuuliza: lile gari lilipomfikia mpwa wangu na faili nene, si ni kwa sababu mtu wa kabla yake alikubali kulipa na kuandika kila kitu? Alikula uaminifu wa mwingine kwa miaka mitatu. Angeukata hapo kwake?

NA MASKINI?

Dada mmoja aliuliza swali gumu kuliko yote, na sitaki kulikwepa. Alisema, "Hata kama alihesabu vizuri, hizo pauni 8,900 zingefanya nini kijijini kwetu?"

Zingefanya mengi, dada. Sina jibu la kulifuta swali hilo. Nasema tu kwamba ni swali la kila mtu na kila kitu: harusi ya milioni mbili, simu mpya kila mwaka, geti la chuma lenye maua. Kama tutalileta, tulilete mezani kwa wote, na tuanze na vya kwetu. Mpwa wangu aliweka la mama na la dada yake mbele ya gari. Kuna wenye magari ya kawaida kabisa ambao hawajaweka chochote mbele ya tumbo lao.

Lakini pia namwambia kijana: kama baada ya hesabu zote bado swali hilo linakuamsha usiku, usilinyamazishe kwa muziki wa injini. Kaa nalo.

KWETU SISI

Mtasema habari hizi ni za Uingereza. Ni kweli, Boxster ile haingii hapa. Kwa kawaida sheria yetu haikubali gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na matuta yetu yangelimaliza tumbo. Lakini nendeni kwenye yadi yoyote mtaona Mercedes, BMW na Range Rover zilizozeekea hapa hapa nchini, bei zimeanguka mpaka ziko sawa na gari dogo la Kijapani. Ni habari ile ile. Bei ya kwanza imeshuka, ya pili inakungoja nyumbani.

Kwa hiyo ukija kwangu na swali lile la nje ya lango, sitakuuliza gari linanguruma vipi. Nitakuuliza kama mama amekula, kama karo imelipwa, kama una pesa ya siku litakapoharibika, kama fundi atapata jasho lake Jumamosi, na kama siku ya kuliuza utasema yale ambayo ungetaka kuambiwa. Ukijibu ndiyo kwa yote matano, lete gari nilione. Mimi pia nitatoka nje ya gereji kulisikiliza.

Mbarikiwe.